Kufundisha Mtego na Kufundisha Sababu: Funzo Kutoka Ubao wa Sataranji

Ndugu mwanachuo, katika kurasa kama hizi umezoea kusoma habari za andalio la somo, zana za kufaragua na mbinu za kuuliza maswali. Leo naomba kuyaendea mambo hayo hayo kwa njia ya kando kidogo, yaani kwa njia ya mchezo wa sataranji. Sisemi kwamba kila mwalimu sharti aujue mchezo huo. Nasema tu kwamba kosa nililolitenda mimi katika kuufundisha ni lile lile tulitendalo katika hesabu, katika sarufi na katika sayansi. Ila juu ya ubao wa sataranji kosa hilo huonekana upesi zaidi, tena mbele ya watu.

Nilikuwa nikifundisha katika shule moja ya msingi huku Kwai, wilayani Lushoto. Mwenye kuijua milima ya Usambara anaijua baridi ya Juni na Julai. Ukungu hushuka hadi madirishani, nyasi za uwanjani hulowa, na watoto hawana hamu ya kuvua masweta wakafukuze mpira. Kwa sababu hiyo nilianzisha chama cha sataranji, kila Jumatano baada ya vipindi. Ubao tuliuchora juu ya kadibodi za maboksi ya sabuni: miraba 64, nusu yake ikipakwa mkaa. Kete tulizifanya kwa vizibo vya soda, tukabandika juu yake karatasi zenye picha: mfalme, malkia, ngome, askofu, farasi, na vile vidogo vinavyotangulia mbele, ambavyo huitwa vitunda. Kila upande una kete 16, basi ubao mmoja ulitugharimu vizibo 32 na gundi ya unga wa muhogo. Hapakuwa na gharama nyingine.

Watoto waliupenda mchezo kuliko nilivyotazamia. Katika mwezi wa tatu tulipata mwaliko wa kucheza na watoto wa shule moja ya mjini. Hapo ndipo tamaa iliponiingia. Nilijua kwamba watoto wa mjini wana vitabu vya sataranji, na kwamba baadhi yao wana wazazi wanaocheza. Wangu hawakuwa na kitabu hata kimoja. Nikajiambia: kama siwezi kuwapa vitabu, niwape silaha isiyotazamiwa. Nikachagua ufunguzi ambao wachezaji wengi hawauzoei.

Fikra hiyo, mpaka leo, siioni kuwa mbaya. Ubaya ulikuwa katika namna nilivyoifundisha.

UFUNGUZI WENYEWE

Ni vema nieleze jambo lenyewe, ili hata asiyecheza apate kuifuata hoja. Katika sataranji safu za wima hutajwa kwa herufi, kuanzia a mpaka h, na mistari ya mlalo kwa tarakimu, kuanzia 1 mpaka 8. Kila mraba basi una jina lake, kwa mfano d4 au e5. Mwenye kete nyeupe huanza.

Mara nyingi Nyeupe huanza kwa kusogeza kitunda kilicho mbele ya malkia wake, kutoka d2 hadi d4. Majibu yaliyozoeleka ya Nyeusi ni ya utulivu: hujenga ngome polepole na kungoja. Lakini kuna jibu moja la ushupavu, ambalo limepewa jina la mji wa Budapest huko Hungaria. Nyeusi hutoa farasi wake hadi f6. Nyeupe husogeza kitunda cha pili hadi c4. Ndipo Nyeusi husukuma kitunda chake kutoka e7 hadi e5, mahali ambapo Nyeupe anaweza kukila bila malipo yoyote. Nyeupe hukila, na farasi wa Nyeusi huruka hadi g4, akikikodolea macho kitunda kilichokula.

Mchezo wa kwanza unaojulikana wa aina hiyo ulichezwa Budapest mwaka 1896, baina ya Adler na Maróczy. Ufunguzi ulipata sifa mwaka 1918 huko Berlin. Milan Vidmar, Mslovenia ambaye kazi yake ilikuwa uhandisi wa umeme, alikuwa acheze kete nyeusi dhidi ya Akiba Rubinstein, mmojawapo wa mabingwa wakubwa wa zama zile, naye hakujua amjibu vipi atakapoanza kwa d4. Akamwomba ushauri rafiki yake Abonyi, naye akamwonyesha wazo hilo. Vidmar alishinda kwa hatua 24, na mwisho wake akayashinda mashindano yote.

Ndani ya ufunguzi huo umo mtego mtamu. Nyeupe akitaka kukishikilia kitunda alichokila, huleta askofu wake f4, na Nyeusi huleta farasi wa pili c6. Nyeupe huleta farasi f3. Nyeusi humtishia mfalme kwa askofu kutoka b4. Nyeupe hujikinga kwa farasi wa pili, kutoka b1 hadi d2. Nyeusi huweka malkia wake e7. Sasa Nyeupe husukuma kitunda hadi a3 ili kumfukuza yule askofu. Nyeusi hamwondoi! Anamwacha pale pale, na farasi wa g4 anakila kitunda cha e5. Nyeupe akimla askofu kwa tamaa, farasi yule huruka hadi d3, na mchezo umekwisha. Mfalme mweupe amezungukwa na watu wake mwenyewe, hana pa kukimbilia; na kitunda cha e2 ambacho kingeweza kumla farasi hakiwezi kuondoka, kwa kuwa nyuma yake yuko mfalme na mbele yake, mbali kule e7, yuko malkia mweusi anayengoja. Mtego huo huitwa kwa jina la Mjerumani Georg Kieninger.

Niliwafundisha watoto hatua hizo nane kwa Jumatano mbili. Tulizisema kwa pamoja kwa sauti, kama tunavyosema majedwali ya kuzidisha. Walizishika barabara.

YALIYOTUPATA

Alikuwapo kijana mmoja wa darasa la sita, mpole, mwana wa mkulima wa viazi na kabichi. Alizishika hatua zile kuliko wote. Kabla ya safari aliwanasa wenzake kadhaa mmoja baada ya mwingine, nami nikafurahi pamoja naye. Siku ya mashindano alipangiwa binti mmoja wa shule ile ya mjini, mdogo kuliko yeye. Binti akaanza d4. Kijana wangu akanitazama, akatabasamu.

Mambo yakaenda kama tulivyoimba mpaka farasi alipofika g4. Hapo yule binti hakuleta askofu f4. Alikisukuma tu kitunda chake kutoka e2 hadi e4. Ni hatua nzuri, ya watu wengi wanaoujua ufunguzi huo. Inafungua njia ya malkia mweupe, ambaye sasa anamtazama yule farasi wa g4 moja kwa moja. Nyeusi ana jibu jepesi: farasi akile kitunda cha e5 mara moja, na mchezo uko sawasawa. Lakini katika wimbo wetu hatua iliyofuata ilikuwa kuleta farasi wa pili c6. Kijana akaleta farasi wa pili c6. Malkia akamla farasi wa kwanza bure.

Alicheza hatua chache nyingine huku mkono ukimtetemeka, kisha akaacha. Alipofika kwangu hakulia. Alisema sentensi moja tu: "Mwalimu, yeye hakucheza kama ulivyosema."

Ndugu mwanachuo, nimefanya kazi hii miaka mingi, na nimelaumiwa na wakaguzi na wazazi pia. Sijapata kusikia lawama nzito kuliko hiyo, ingawa mtoto mwenyewe hakuikusudia kuwa lawama. Yeye alidhani kwamba binti yule ndiye aliyekosea. Nilimfundisha kwamba ulimwengu utakwenda kwa mpangilio wangu, ulimwengu haukwenda, naye hakuwa na kitu kingine mkononi. Jumatano iliyofuata hakuja katika chama, wala ya pili yake.

CHANZO CHA KOSA

Baadaye niliporudi kuutazama mchezo ule wa Vidmar na Rubinstein, niliona jambo ambalo ningalipaswa kuliona mwanzo. Rubinstein hakuingia katika mtego ule. Alipotishiwa kutoka b4 alijikinga kwa kuweka farasi c3, si d2, na njia yote ya mtego ikafungika. Zaidi ya hayo, Vidmar hakukirudisha kitunda chake, bali alitoa kingine ili kete zake zipate kutoka upesi. Akashinda, na mtego haukuwamo.

Alishinda kwa kuwa rafiki yake alimpa wazo. Na wazo lenyewe laweza kuelezwa kwa maneno ambayo mtoto wa darasa la nne anayafahamu: mpinzani akikila kitunda chako na akatumia muda wake kukilinda, wewe utumie muda huo kuwatoa watu wako nyumbani. Basi. Mtego ni zawadi inayoweza kuja au isije. Nami nilichukua zawadi nikaifanya kuwa somo, na somo nikaliacha nje ya mlango.

Kosa hilo si la sataranji peke yake. Chukua kugawanya kwa sehemu. Ni walimu wangapi wamesema, na ni watoto wangapi wameimba, "Pindua, kisha zidisha"? Kanuni hiyo ni kweli. Sita gawanya kwa nusu, pindua nusu iwe mbili, zidisha, upate 12. Mtoto hupata alama yake ya vema na kila mtu huridhika. Lakini mwulize mtoto huyo: una madebe sita ya viazi, na kila mnunuzi achukue nusu debe, utapata wanunuzi wangapi? Wengine watajibu watatu, kwa kuwa wamesikia neno "nusu" na mkono umekwenda wenyewe kwenye kugawanya kwa mbili. Kanuni wanayo kinywani, viazi hawavioni. Mtoto aliyewahi kuyapima madebe kwa nusunusu atacheka, aseme, "Haiwezekani kuwa watatu, maana hata debe zima zima nina watu sita!" Huyo anaweza kujisahihisha mwenyewe. Tofauti kati ya watoto hawa wawili haionekani siku swali linapoulizwa kwa sura iliyozoeleka. Huonekana siku swali linapobadili nguo.

Wazee wetu wa huku milimani hawalimi kwa wimbo. Mkulima ambaye ameambiwa tu, "Panda mwezi huu," hupoteza mbegu mwaka ambao mvua za masika zimechelewa. Aliyefahamu kwa nini mwezi ule ulichaguliwa hungoja, huushika udongo mkononi, hutazama, kisha hupanda. Na Kwai ina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1896, mwaka ule ule wa mchezo wa Budapest, serikali ya kikoloni ya Kijerumani ilianzisha hapa kituo cha majaribio ya kilimo. Sikisifu kituo hicho, wala sisahau kilikuwa kwa faida ya nani. Hata hivyo jina lake linatufunza kitu: hata wale waliodhani wanajua kila jambo walilazimika kuijaribu mbegu ya kwao katika udongo wa Usambara kabla ya kusema itaota. Sisi nasi tunaleta mbegu darasani. Je, tunaijaribu katika akili ya mtoto, au tunahesabu tu mbegu tulizomwaga?

Katika andiko la Elimu ya Kujitegemea, lililotolewa Machi 1967, Mwalimu Nyerere alitaka elimu imjengee kila raia mambo matatu: akili ya kudadisi, uwezo wa kujifunza kwa wengine huku akikubali au kukataa au kurekebisha kulingana na mahitaji yake, na imani katika nafasi yake katika jamii. Maneno hayo wanachuo huyaandika katika mitihani yao. Mimi pia niliyaandika, nikapata alama nzuri. Kisha nikaenda Kwai nikamfundisha kijana kuimba hatua nane bila kudadisi, bila kukataa, bila kurekebisha. Tena nilifanya hivyo kwa nia njema, na hilo ndilo linalonitisha. Ubaya wa kukaririsha si kwamba hutoka kwa walimu wavivu. Aghalabu hutoka kwa walimu wenye huruma na haraka.

HOJA ZA WAPINZANI

Najua kuna watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa.

Wa kwanza watasema: "Una darasa la watoto zaidi ya sitini, muhtasari ni mrefu, mitihani iko mbele. Maswali ya kwa nini yatakula muda wote." Ni kweli kwamba yanakula muda. Lakini hesabuni pia muda unaoliwa na marudio. Kanuni iliyokaririwa bila sababu husahaulika likizo ya kwanza, na mwalimu hulazimika kuifundisha tena kila mwaka kana kwamba ni mpya. Kipindi kimoja cha kupima nusu debe huokoa vipindi vingi vya kuimba.

Wa pili watasema: "Unadharau kumbukumbu. Hakuna elimu bila kukumbuka." La hasha, siidharau. Mtoto asiyejua kwamba saba mara nane ni 56 atateseka maisha yake yote. Mchezaji naye hana budi kukumbuka. Lakini kumbukumbu ni ghala, si jembe. Tunaweka ghalani kile tulichokwisha kuvuna. Mtoto apange kwanza mawe kwa safu saba za nane, aone kwa macho yake. Kisha alikariri jedwali kwa bidii zote. Ghala lililojaa magunia usiyojua ndani yake mna nini halikufai wakati wa njaa.

Wa tatu watasema: "Sataranji ni mchezo wa wageni na wa matajiri. Tuna bao letu." Hapo nakubali nusu. Bao ni hazina, na shule isiyo na ubao wa sataranji inaweza kuchimba mashimo 32 ardhini na kuokota kete 64, nalo litafunza kufikiri barabara. Tena bao lina fundisho ambalo ningalipaswa kulishika: hakuna mzee kibarazani anayemfundisha kijana bao kwa kumkaririsha. Kijana hukaa, hutazama, hucheza, hushindwa, huambiwa, "Kwa nini umetakasa wakati ulikuwa na mtaji?" Ndivyo anavyokua. Lakini kuiita sataranji ngeni kabisa si sawa. Jina lake tunalitumia kutoka Kiarabu, nacho kililipata kwa Waajemi, nao kutoka Bara Hindi. Limefika pwani yetu kwa njia ile ile ya majahazi iliyoleta maneno mengine tunayoyaita yetu. Na kuhusu utajiri, tutazame jirani zetu. Katika mtaa wa Katwe, Kampala, Robert Katende alianza mwaka 2004 kuwafundisha sataranji watoto wa mtaa ule maskini, na uji ukiwa sehemu ya mvuto. Miongoni mwao alikuwapo Phiona Mutesi, ambaye aliichezea Uganda katika Olimpiadi ya sataranji mjini Istanbul mwaka 2012, akapata cheo katika ngazi za wachezaji wanawake wa dunia, na habari zake zikatengenezewa filamu mwaka 2016. Mtoto huyo alionyeshwa kwanza jinsi kete zinavyokwenda na msichana mdogo kuliko yeye. Mwalimu wa sataranji alikuwapo, lakini mtoto alimfundisha mtoto.

NJIA NINAYOPENDEKEZA

Basi tufanye nini? Napendekeza hatua nne, ambazo niliziandaa upya baada ya aibu ile, na ambazo unaweza kuzihamisha katika somo lolote.

Kwanza, anza na vitu vichache. Mcheza mashuhuri wa Kuba, José Raúl Capablanca, katika kitabu chake cha mwaka 1921 aliweka mbele miisho myepesi yenye kete chache. Katika chama chetu tuliondoa kete zote tukabakiza vitunda tu: atakayefikisha kitunda upande wa pili kwanza ndiye mshindi. Kisha tukaongeza mfalme, kisha farasi. Kila kete ilipoingia, watoto walijua imekuja kufanya kazi gani. Katika hesabu hali kadhalika: tumia tarakimu ndogo mpaka wazo lishike, ndipo ukuze tarakimu.

Pili, kwa kila hatua uliza maswali mawili: "Imefanya nini?" na "Imeacha nini?" Kitunda cha Nyeupe kiendapo e4 kimefanya nini? Kimefungua njia ya malkia. Watoto wakizoea kuuliza hivyo, hata mimi nikikosea ubaoni wananisahihisha. Mwanzoni jambo hilo liliniudhi kidogo. Sasa ndiyo alama ninayoitafuta.

Tatu, badili jambo moja. Hili ndilo lililokosekana kwangu. Baada ya kufundisha njia yoyote, chukua hatua moja uipindue, uulize: "Na kama mpinzani akikataa?" Kama askofu asipokuja f4? Kama farasi akikaa c3 badala ya d2? Kama Nyeupe, badala ya kumla askofu, akila farasi kwa farasi, kisha akasogeza kitunda e3 ili mfalme apate mlango? Mtoto akijaribu maswali hayo kabla ya siku ya mchezo, hatasema kwamba mpinzani hakucheza kama mwalimu alivyosema. Katika sarufi, mpe sentensi uliyoifundisha, ubadili ngeli ya jina. Katika sayansi, mpe jaribio, uondoe kifaa kimoja.

Nne, weka mtego mwisho, tena wauvumbue wenyewe. Sasa naupanga ubao katika hali ile ambapo farasi amekwisha kukila kitunda cha e5 na askofu bado yuko hatarini pale b4. Ninauliza: "Ungekuwa Nyeupe, ungemla askofu huyu?" Kisha nanyamaza. Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote. Wengine husema ndiyo, wengine hushuku, mwishowe mmoja hupiga kelele, "D3! Mfalme amekwama!" Hapo furaha ya mtego inakuwapo vile vile, pengine kubwa zaidi, ila sasa ni mali yao. Na aliyeuvumbua mtego hawi mwepesi wa kunaswa nao. Waswahili wamesema mtego wa panya huingia waliokuwamo na wasiokuwamo. Nami naongeza, huanza kuwanasa wale walioambiwa tu mahali ulipo bila kuonyeshwa unavyofyatuka.

HITIMISHO

Utataka kujua habari za yule kijana. Alirudi baada ya wiki tatu. Sikumwendea na maneno mengi. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, nikasema kosa lilikuwa langu, kisha nikamkabidhi watoto wanne wa darasa la tatu awafundishe mchezo wa vitunda. Aliwafundisha vizuri, kwa subira kuliko mimi. Lakini ufunguzi ule wa Budapest hakuucheza tena hata siku moja, na mimi sikumhimiza. Kuna milango ambayo mwalimu akiifunga kwa pupa yake, mtoto haifungui tena, hata ufunguo ukiletwa.

Hivi karibuni nawe utakwenda mazoezi ya kufundisha. Utapewa darasa lenye watoto wengi, mada yenye urefu, na mkufunzi ameketi nyuma akiandika. Kishawishi cha kutafuta wimbo wa hatua nane kitakuwa kikubwa, kwa kuwa wimbo hupendeza masikioni mwa anayekagua. Nakuomba, kabla ya kuufundisha wimbo huo, jiulize swali moja: siku mpinzani wa mtoto huyu, awe mtihani, awe soko, au awe mvua iliyochelewa, asipocheza kama nilivyosema, mtoto atabakiwa na nini mkononi?

Ukiwa na jibu, ingia darasani. Ukiwa huna, lirudie andalio lako usiku huo huo.